Mnyonge na Mwenye Nguvu: Aina za Wahusika na Ugomvi wao katika Masimulizi ya Singida

I

Mwaka 1931 jarida la Kiingereza liitwalo Bantu Studies, lililokuwa likipigwa chapa huko Johannesburg, lilitoa ngano za Wanyiramba zilizokusanywa na Frederick Johnson. Jina hili si geni kwa wasomaji wa kurasa hizi. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930. Ndiye aliyetoa mwaka 1935 kamusi ya maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili. Na kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyotoka mwaka 1939, miaka miwili baada ya kufa kwake, ina jasho lake katika kila ukurasa. Kamati ile ndiyo mama wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyopata makao katika chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, na bibi wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili iliyoirithi mwaka 2009.

Basi wengi wetu twamjua Johnson wa makamusi, lakini ni wachache wanaomkumbuka Johnson wa ngano. Hata hivyo kabla hajakaa kupanga maneno ya Kiswahili sanifu, alikuwa amekwisha andika maelezo juu ya Kinyiramba, na masikio yake yalikuwa yamesikia masimulizi ya watu wa uwanda wa Singida. Hapana budi kusema kwamba uchunguzi wa Kiswahili na masimulizi ya Singida vimefahamiana tangu siku za awali, ingawa udugu huo haukutunzwa.

Nia ya makala haya ni kuuliza mambo matatu. Kwanza, ni watu wa namna gani wanaotembea ndani ya masimulizi ya nchi hii, na wanagombania nini? Pili, mhusika wa namna hiyo hupatwa na nini atokapo mekoni akaingia katika historia? Tatu, hupatwa na nini aingiapo mahakamani? Nitajaribu kuonyesha kwamba sura ya mhusika hubaki ile ile popote aendapo, ila kazi yake hubadilika. Na kwamba mwenye kuandika historia asipoliangalia jambo hilo, aweza kumfanya shujaa kuwa hekaya tupu, ama hekaya kuwa ushahidi wa kumnyonga mtu.

II

Mkoa wa Singida ulitengwa mwaka 1963 kutoka katika lile lililokuwa Jimbo la Kati. Ni nchi ya uwanda wa juu, yenye mawe makubwa ya matale, maziwa ya magadi, na mvua ya msimu mmoja ambayo mara nyingi haitoshi. Upande wa magharibi iko mbuga ya Wembere, na upande wa kaskazini nchi huteremka kuelekea ziwa Eyasi. Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Warimi, wako katikati. Wanyiramba na Waisanzu wako kaskazini. Wagogo wako Manyoni, na Wakimbu upande wa Itigi. Wataturu wafugaji wamekaa kando yao na kati yao, na Wahadzabe wawindaji wako pembezoni mwa Eyasi. Hatua chache kuelekea mashariki wako Wasandawe na Waburunge.

Wanaisimu wanalijua jambo hili kwa sababu yao wenyewe: ni nadra kupata mahali pengine Afrika ambapo lugha za Kibantu, za Kiniloti, za Kikushi na zile zenye sauti za kidoko zinapakana hivi. Lakini kwa mchunguzi wa masimulizi neema ni ile ile. Mtu aliyeoa kwa jirani, au aliyekimbilia kwa jirani mwaka wa njaa, hakurudi mikono mitupu. Alirudi na hadithi. Ndiyo sababu sungura na fisi na jitu wamevuka mipaka ambayo sarufi haikuweza kuivuka.

Njaa yenyewe ni sehemu ya habari hii. Kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, Ugogo ulipatwa na njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya, na Manyoni ilikuwamo. Asiyejua habari za miaka ya namna ile ataudhani ulafi wa fisi kuwa jambo la kuchekesha tu.

III

Wataalamu wa fasihi wametuachia zana kadhaa za kuwapanga wahusika. Mdenmarki Axel Olrik, mwaka 1909, alieleza kwamba masimulizi ya mdomo hupenda kuweka watu wawili tu mbele ya hadhira kwa wakati mmoja, na ya kwamba wawili hao hupingana: mkubwa na mdogo, mjanja na mjinga, tajiri na maskini. Mrusi Vladimir Propp, mwaka 1928, aliwagawa wahusika wa ngano katika makundi saba kwa kufuata kazi wanayoifanya, wala si kwa sura zao: yupo mwovu, yupo mtoaji, yupo msaidizi, yupo binti wa mfalme pamoja na baba yake, yupo mtumaji, yupo shujaa, na yupo shujaa wa uongo. Kitabu chake hakikusomwa sana nje ya Urusi mpaka kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1958. Naye Mwingereza E. M. Forster, mwaka 1927, aliwatenga wahusika bapa, ambao hubaki vile vile tangu mwanzo hadi mwisho, na wahusika duara, ambao waweza kutushangaza.

Zana hizi zafaa, lakini zisitumiwe kama panga la kukatia kila mti. Tuwatazame wahusika wenyewe.

Wa kwanza ni mnyonge mjanja, ambaye kwa kawaida ni sungura. Hana nguvu, hana mali, wala hana jamaa wa kumtetea. Silaha yake ni maneno, na ujuzi wa kutambua tamaa ya mwenzake. Msomaji asidhani kwamba sungura ni mwema. Huiba, husema uongo, humwacha rafiki yake aadhibiwe badala yake. Hadhira humpenda si kwa sababu ya haki yake, bali kwa sababu aliye juu yake ni mkubwa mno.

Wa pili ni mwenye nguvu asiyeshiba, na aghalabu ndiye fisi. Methali yasema kwamba njia mbili zilimshinda fisi, na kila mzungumzaji wa Kiswahili aijua habari yenyewe: alifika njia panda, akanusa nyama huku na huku, akataka kwenda kote kuwili, akapasuka. Hapa pana jambo ambalo halionekani upesi. Katika habari hiyo hayupo adui. Fisi amegombana na nafsi yake mwenyewe, na amekufa kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo hata mhusika aliye bapa kabisa aweza kubeba ugomvi wa ndani, nasi tunaofundisha kwamba ugomvi wa nafsi ulikuja na riwaya ya Kizungu yafaa tufikiri tena.

Wa tatu ni jitu au dubwana limezalo watu. Ludwig Kohl-Larsen, Mjerumani aliyetembea nchi za Eyasi na Isanzu katika safari mbili kati ya mwaka 1934 na 1939, aliandika masimulizi mengi ya Waisanzu na jirani zao. Na kitabu chake kimoja kilichotoka mwaka 1963 kimebeba katika jina lake dubwana la boga na majitu ya nchi hiyo. Habari za dubwana limezalo watu zimeenea mbali sana, na boga lenye kumeza watu lajulikana hata Usambaa. Kwa muhtasari ni hivi: watoto wanalichokoza boga shambani, boga linawajibu, linakua, linawafuata, linameza watu na ng'ombe wa nchi nzima. Anabaki mwanamke mmoja mwenye mimba. Mtoto wake anapokua anauliza, baba yangu yuko wapi? Anaambiwa, anakwenda, analipasua dubwana, na watu wanatoka wazima. Huko Lesotho, ambako habari ya namna hii husimuliwa pia, mwokozi mwenyewe huishia kuuawa na wale aliowaokoa. Mwisho ule ni mzito: dubwana likifa, ugomvi hauishi, bali wahamia kati ya watu wenyewe.

Wa nne ni huyu mwana aliyeachwa, yatima au mtoto wa mke asiyependwa. Yeye na sungura ni ndugu kwa hali, maana wote wawili ni wanyonge. Lakini sungura hushinda kwa hila na hubaki peke yake, na yatima hushinda kwa kudumu na hurudisha jamii iliyopotea. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa yote nitakayosema mbele.

IV

Wanagombania nini? Jibu la kwanza ni chakula na ng'ombe. Harold Schneider, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya Wanyaturu wa Wahi, alieleza jinsi mtama, uwele na ng'ombe walivyofungamana katika uchumi wa nchi ile: samadi ya ng'ombe hulisha shamba, na nafaka iliyozidi hubadilishwa kuwa ng'ombe. Mwenye ng'ombe wachache ana samadi chache, na mwenye samadi chache ana nafaka chache. Katika nchi ya namna hii kuanguka ni kwepesi na kuinuka ni kugumu, na mnyonge akiibia ghala la mwenye nguvu hadithini, wasikilizaji wanajua hasa kilicho ndani ya ghala lile.

Jibu la pili ni ukoo, na hapa mchunguzi asipoangalia atapotea. Wanyaturu wanahesabu ukoo kwa baba; Wanyiramba na Waisanzu kwa desturi yao ya zamani walihesabu kwa mama. Kwa yule wa kwanza, ugomvi mkubwa wa nyumbani uko baina ya wake wenza na baina ya watoto wao, maana kila nyumba ya mke ina sehemu yake ya mali. Kwa yule wa pili, mtu mwenye uzito ni mjomba, na swali ni hili: mpwa atapata nini, na mwana atabaki na nini? Sasa, katika hadithi nyingi za Kiswahili sungura humwita fisi mjomba. Mtu wa pwani husikia neno la heshima au la mzaha. Mtu wa ukoo wa mama aweza kusikia neno la urithi: mpwa anamdanganya yule hasa ambaye mali yake ingemjia. Maneno ni yale yale na wahusika ni wale wale, lakini ugomvi si mmoja.

Kutokana na haya napendekeza tusiiandike hadithi yo yote ya Singida bila kueleza aliyeisimulia ni wa ukoo wa namna gani, na ni nani waliokuwa wakimsikiliza. Orodha ya Propp yatuonyesha kazi ya mhusika, bali haituonyeshi deni lake.

V

Tutoke sasa mekoni tuingie katika historia. Wajerumani walipoitawala nchi hii kutoka katika maboma yao, Kilimatinde upande wa kusini na Mkalama upande wa kaskazini, walipata upinzani. Mtu anayekumbukwa kupita wote ni mwanamke wa Kinyaturu, Liti Kidanka, aliyewakabili mwanzoni mwa karne ya ishirini. Marguerite Jellicoe aliandika juu ya upinzani wa Wanyaturu katika Tanzania Notes and Records mwaka 1969. Lakini watu wa Singida hawakungoja kuandikiwa. Husimulia kwamba Liti aliwaamuru nyuki, nao wakawashambulia askari wenye bunduki, wakakimbia. Leo uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliojulikana zamani kwa jina la Namfua, unaitwa Liti.

Mwenye kupenda nyaraka pekee atasema, hii ni ngano. Mwenye kupenda fahari pekee atasema, hii ni kweli tupu, usihoji. Mimi nadhani wote wawili wamekosa njia, na ya kwamba elimu ya wahusika yatusaidia hapa.

Hebu tupime. Mwanamke peke yake mbele ya askari; kidudu kidogo mbele ya bunduki: hii ndiyo sheria ya Olrik ya wawili wanaopingana, na ndiyo sura ya mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Simulizi limemvika Liti joho lililokuwa tayari limeshonwa. Lakini joho halithibitishi kwamba hapana mtu ndani yake. Singida na hasa Manyoni ni nchi ya asali. Watu wake wamekaa na mizinga vizazi na vizazi, na nyuki aliyechokozwa si mnyama wa hadithi. Huko Tanga, mwezi Novemba mwaka 1914, nyuki walitoka katika mizinga yao katikati ya mapigano wakawauma askari, na upande wa Waingereza zikaenea habari kwamba Wajerumani walikuwa wamewatega kwa hila. Tazama, basi: wasomi wa Ulaya, wenye magazeti na taarifa za kijeshi, walipopigwa na adui waliyemdhania mdogo, nao walimtafuta mhusika wa ngano wa kuwaeleza kushindwa kwao. Hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba vita vya Tanga havikuwako.

Tena angalia Liti si mnyonge wa namna gani. Sungura hushinda kwa faida ya tumbo lake. Liti, kama anavyosimuliwa, anasimama kwa ajili ya nchi. Kwa hiyo yuko karibu zaidi na yule mwana anayelipasua dubwana na kuwatoa watu. Na hapa simulizi limefanya jambo jipya: mwana wa kiume wa hadithi amekuwa mwanamke mzima. Sura ya kikale ingetaka mvulana. Wasimulizi wamemweka mwanamke. Kwa maoni yangu mahali pale ambapo simulizi linaikataa sura yake ya kawaida ndipo historia inapopiga hodi. Kinachofanana na ngano nyingine zote chaweza kuwa kimetoka katika ngano. Kisichofanana kina haja ya kuelezwa kwa sababu nyingine, na sababu iliyo nyepesi kuliko zote ni kwamba alikuwako mwanamke huyo.

VI

Upande wa pili wa sarafu ni mchungu. Kati ya mwaka 1946 na 1948 watu wengi waliuawa wilayani Singida, na miili yao ilikutwa na majeraha kama ya makucha ya simba. Ilisimuliwa kwamba si simba wa kweli wote. Kwamba wako watu wenye kufuga vijana walioharibiwa akili, wakawavika ngozi na kuwatuma kuua. Serikali ya wakati ule ilifanya msako, ikakamata watu, ikawapeleka mahakamani, na baadhi yao walihukumiwa kifo. A. W. Wyatt alizieleza habari hizo katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1950, na mwaka 1962 Schneider alizitazama upya katika jarida lile lile, akataka zisomwe kwa kuangalia jamii ya Wanyaturu yenyewe.

Sina nia ya kuamua hapa ni nani aliyemwua nani. Watu walikufa, na hilo si hadithi. Ninachotaka ni kumwonyesha msomaji kwamba mtu-simba alikuwa mhusika kabla hajawa mshitakiwa. Mnyama aliye mtu kwa ndani, au mtu aliye mnyama, ni sura ya zamani katika masimulizi ya bara. Na imani kwamba wachawi huwapanda fisi usiku imeenea katika makabila mengi. Mekoni, sura hiyo ina kazi njema. Humwonya binti asiolewe na mgeni mzuri asiyejulikana atokako. Humkumbusha kijana kwamba aliye jirani mchana aweza kuwa adui usiku. Msimulizi haulizwi ushahidi, wala hamtaji jirani kwa jina. Na usiku ukiisha, wote hurudi nyumbani, jirani na jirani yake.

Mahakamani mambo matatu hubadilika. Kwanza, mhusika hupewa jina la mtu aliye hai. Pili, hadhira haipo tena kwa kufurahi na kujifunza, bali kwa kuhukumu. Tatu, na hili latuhusu sisi watu wa lugha, maneno hupita katika mikono ya wakalimani. Shahidi asemaye Kinyaturu hukalimaniwa kwa Kiswahili, na Kiswahili huandikwa kwa Kiingereza. Katika lugha yo yote msikilizaji wa nyumbani huzijua dalili za kwamba msemaji sasa anasimulia yasemwayo na watu, wala hatoi habari ya aliyoyaona kwa macho. Dalili hizo ni nyepesi mno. Mara nyingi ni kiambishi kimoja, ama mlio wa sauti, ama neno la kufungulia. Hizo ndizo zianguazo kwanza njiani. Kile kilichosemwa kwa maana ya "husemwa kwamba" chaweza kufika mwisho wa safari kikiwa "niliona".

Katika miaka ile ile huko Njombe simba wa kweli waliua watu wengi, mpaka George Rushby wa idara ya wanyama wa pori alipowawinda na kuwamaliza mwaka 1947. Huko nako walikuwapo waliosema kwamba simba wale wanatumwa na mganga. Basi mahali pamoja simulizi liliwafunika simba, na mahali pengine yawezekana liliwafunika watu. Mtawala aliyelidharau simulizi lote angewaacha wauaji. Mtawala aliyelishika lote kama ushahidi angemnyonga asiye na hatia. Methali yasema mnyonge kupata haki ni mwenye nguvu kupenda. Katika ngano mnyonge hushinda kwa hila. Kizimbani mzee wa kijiji hana hila ya kumsaidia mbele ya hadithi inayojulikana na kila mtu, hadithi ambayo ndani yake yeye amekwisha wekwa mahali pa mwovu.

VII

Nirudi kwa Johnson. Miaka miwili kabla ya ngano za Kinyiramba kuchapishwa, yaani mwaka 1929, alikuwa ametoa Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri za vitabu vya Stevenson na Haggard ambazo vizazi vya wanafunzi walizisoma. Katika kile cha kwanza yumo Long John Silver, mpishi wa meli, mpole na mwuaji, ambaye msomaji hajui amchukie ama ampende. Huyo ni mhusika duara wa Forster, na kwa mkono wa Johnson aliingia katika Kiswahili cha shule. Mkono ule ule ulioshika ngano za Iramba ulimleta Silver. Lakini Silver alivaa Kiswahili akaenea nchi nzima, na sungura wa Iramba akabaki katika jarida la Johannesburg. Masimulizi ya Kohl-Larsen nayo, yale ya Wahadzabe yaliyotoka mwaka 1956, yale ya majitu ya mwaka 1963, na yale ya sungura mjanja ya mwaka 1976, yalitoka kwa Kijerumani. Mtoto wa Mkalama anayetaka kusoma yaliyosimuliwa na babu yake hana budi kwanza kujifunza lugha ya waliojenga boma.

Wako waliofanya vingine. Mathias Mnyampala, mwaka 1954, aliandika kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, akaonyesha kwamba mtu wa bara aweza kuwaandikia watu wake katika lugha wanayoisoma. Singida yenyewe yastahili kazi ya namna hiyo katika masimulizi.

Kwa hiyo naona kazi tatu zinatungoja. Ya kwanza ni kuzirudisha ngano zilizokwisha chapwa: kuzifasiri kwa Kiswahili zile za Kijerumani na Kiingereza, na kuzipeleka kwa wazee wa Isanzu na Iramba wazisikilize, waseme palipopotoka. Ya pili ni kuandika upya masimulizi katika lugha zake, Kinyaturu, Kinyiramba, Kiisanzu na Kihadzabe, pamoja na tafsiri ya Kiswahili pembeni, na kutia alama mahali pote msimulizi anapoonyesha kama asema aliyoyaona au yasemwayo. Ya tatu ni kuandika kando ya kila hadithi jina la ukoo, mahali na hadhira, kusudi ajaye aweze kuuona ugomvi na si wahusika pekee.

Sungura na fisi wataendelea kugombana hata tusipowaandika, wamezoea. Wenye haja ya uangalifu wetu ni wale watu wa kweli waliovikwa sura zao: mwanamke aliyesimama mbele ya bunduki, na washitakiwa waliosimama mbele ya hakimu. Wote walisimuliwa kwa kalibu moja ya mnyonge na mwenye nguvu, ya mtu na dubwana. Yule wa kwanza simulizi lilimhifadhi jina. Wale wa pili simulizi liliwashitaki. Mwanachuoni asiyeweza kupambanua mambo hayo mawili asijitie kuandika historia ya Singida, wala ya mahali po pote ambapo watu bado wanasimuliana usiku.